Adhana Imelia, Sijaizima

Sahra mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga habaryar wako Kaltuma, na mimi namjua dada yangu, hatakuachia mpaka ule kwake, ucheke kwake na ulie kwake. Kwa hivyo nina wakati. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kompyuta ina kazi nyingine, na nitakwambia ni kazi gani. Kisomali nakisema tangu kuzaliwa lakini kukiandika sikufundishwa. Kalamu yangu ilisomea gumbaru, masomo ya watu wazima, na huko walitufunza kwa Kiswahili. Ukipata makosa yasahihishe moyoni, usinirudishie barua na wino mwekundu. Bado hujawa mwalimu.

Mambo ya maji ya Wajir, ya mbu, ya kufunga mlango na ya kumsalimia mkuu wa shule sitayaandika. Nimeyasema wiki nzima mpaka ukaniambia, "Hooyo, umekuwa redio, na hata betri haikuishii." Haya, redio imezimwa. Nataka kusema mengine, yale ambayo mtu anayaweza vizuri kama hakuna anayemtazama usoni.

Leo mchana ulikaa kwenye kitanda cha kamba ukasema polepole, kama mtu anayepima joto la chai kwa mdomo, "Hooyo, labda niwaambie wa Wajir nitakuja muhula ujao." Nikauliza kwa nini. Ukaonyesha kompyuta kwa kidevu. Stima imepotea siku hizi zote, toleo jipya la Linux, ile programu inayoiendesha, halijaingia, na zile kompyuta za shule unazoenda kuzisimamia zina toleo jipya. "Nikikuacha na hii ya zamani," ukasema, "utaniandikia kwamba imekwama hapa, na mimi kule sitaona unachokiona wewe. Wateja wa kuandikiwa barua watakimbia. Na nyimbo za Ayeeyo, mama yako, zimo humo ndani. Nani atakusaidia?" Nikakwambia kazi haikungoji, kuna msichana wa Habaswein ameiomba pia. Ukasema, "Basi aichukue yeye."

Nikageukia jiko, na wewe ukadhani nimekasirika. Sikukasirika, Sahra. Nilifurahi. Moyo wangu uliruka kama mwanambuzi aliyefunguliwa kamba, ukawa unasema haendi, haendi, haendi. Ndipo nikaogopa. Sikuiogopa kompyuta, nilijiogopa mwenyewe.

Halafu ukatoka. Hujafika hata kwenye kona ya msikiti, balbu ikawaka.

Nilisimama chini yake nikiitazama. Nikafunga mlango wa mbele, ule wa wateja, nikakaa kwenye kiti chako. Kwa hivyo kazi ambayo kompyuta inaifanya sasa ni hiyo uliyoiogopea: inapandishwa toleo. Mimi ndiye niliyeianzisha. Nimekaa hapa kando yake na karatasi kwenye mapaja, majina ya programu yanapita kwenye kioo kama watu wanaopita kwenye daraja, na kila jina likipita nasema alhamdulillahi. Yakisimama kidogo nasimamisha kalamu nayo.

Usije mbio. Barua hii utaipata baada ya mambo kwisha, yameenda vizuri au vibaya. Acha nikueleze kwa nini nimethubutu.

Nilikuwa nimeolewa si muda mrefu, tuko upande wa Tarbaj, na mwaka ulikuwa mkavu. Wewe umezaliwa mjini, hujaona namna watu wanavyohama. Kwanza anatumwa mtu mmoja au wawili, tunamwita sahan. Anaenda mbele kuangalia majani na maji, anaangalia nani amekaa huko, halafu anarudi. Hakuna anayegusa nyumba kabla sahan hajarudi. Akirudi watu hawamuulizi maneno mengi, wanatazama mkono wake kama ameshika majani mabichi. Nyumba yenyewe ni ya mwanamke. Yeye ndiye anayeijenga, yeye anaivunja, yeye anajua mkeka upi uko chini ya upi kwenye mgongo wa ngamia. Mwanamke akishavunja nyumba, mume hana pa kukaa, lazima mhame.

Mimi nilivunja kabla sahan hajarudi. Usiku wa kuamkia siku hiyo niliona radi upande wa mashariki, nyingi, zinafuatana. Mama yangu, Ayeeyo wako, akaniambia, "Ngoja mtu arudi." Nikamjibu mbele ya watu, "Mtu wa nini? Mimi nimeona kwa macho yangu." Nilikuwa kijana na nilikuwa na haraka ya kuonekana najua. Nikavunja nyumba, tukapakia, tukaenda. Na ua wa miiba wa mbuzi tuliuchoma ili jirani asiuchukue. Hata hilo lilikuwa wazo langu.

Mvua ilikuwa imenyesha kweli, lakini mbali, kwingine. Tulipofika palikuwa na vumbi. Tulipogeuka kurudi kisimani, zamu yetu ya maji walikuwa wamepewa wengine, na hatukuwa hata na ua wa kulaza mbuzi. Ngamia aliyebeba nyumba yangu alipiga magoti njiani akakataa kusimama. Nilimfungua mzigo mwenyewe nikiwa nalia, nikaacha mikeka palepale. Baba yako, Mungu amrehemu, hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Hivyo ndivyo tulivyofika Garissa. Watu wanasema ukame ulituleta. Ukame ulikuwepo, ndiyo. Na mimi nilikuwepo.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kutohama. Umeniona. Nimekataa kubadilisha jiko, nimekataa kubadilisha chumba, kitanda hiki kimekaa ukuta huu tangu ulipokuwa unanyonya. Nilidhani hilo ndilo somo: kaa ulipo.

Ngoja, kioo kimesimama. Kimeendelea. Alhamdulillahi.

Unakumbuka Mwalimu Mutua alivyotuletea CD mbili siku ile? Kompyuta tulikuwa tumeipata kwenye ile ofisi iliyokuwa ikifunga, na ndani yake kulikuwa na programu ya watu ambayo mtu aliinakili bila ruhusa. Nilikukataza kuitumia, ukanuna. Nikasema wizi ni wizi hata kama hauna uzito wa kubeba. Ndipo Mwalimu akacheka akasema, "Mama Sahra, kuna ambayo wenyewe wameruhusu. Nakili, gawa, mpe jirani, hakuna dhambi." Nikamwambia alete hata kesho.

Akaleta mbili. Akatueleza kwamba Linux ni moja lakini kila kundi linaifunga mzigo kwa namna yake, na mzigo wa huyu si sawa na wa yule. Wewe ulishaipenda ile yenye picha na madirisha ya rangi. Ulikuwa umeishika kifuani. Tukaijaribu, na kompyuta yetu maskini ikahema, ikahema, mpaka chai ikapoa na dirisha la kwanza halijafunguka. Ukasema, "Itazoea." Mimi nikamuuliza Mwalimu, "Hii ikikwama na wewe uko likizo kwenu Kitui, nani mwingine hapa Garissa anaijua?"

"Hakuna, mama."

"Na hii nyingine?"

"Hii nyingine iko kwa Bare, fundi wa redio pale sokoni. Haina mapambo mengi, ni maandishi tu."

"Basi tunachukua ya Bare."

Ulinikasirikia mpaka siku ya pili. Lakini mimi nilikuwa nachagua kama tulivyochagua ngamia wa mzigo. Uzuri wa shingo hatukuutazama. Tulitazama kama anakubali kupiga magoti akiambiwa, na kama jirani anajua kumfunga kamba siku ambayo mikono yako inauma. Hiyo nilikuwa nayo sawa, na nakuomba uende nayo Wajir. Wasichana wa shule watataka mapambo. Wewe uliza kwanza nani atakayekuwa karibu siku ya kukwama.

Na siku ile tulipoiweka nilileta dabqaad, chetezo chetu, na uunsi, uvumba wetu, nikaivukiza kompyuta nzima, mbele na nyuma, kama nyumba mpya. Ukapiga chafya ukasema, "Hooyo, unaivukiza kama bibi harusi, na bwana harusi ni nani?" Nikasema bwana harusi ni printa, ndiyo maana anapiga kelele. Mzee Gedi, aliyekuja kuandikiwa barua ya mwanawe, alicheka mpaka akasahau alichotaka kuandikiwa.

Halafu ikaja ile siku yangu ya adhana.

Unaijua, ulikuwepo, lakini hujui ilivyokuwa kwa upande wangu. Mwaka jana ulikuwa unapandisha toleo, kama mimi sasa. Ukasema, "Hooyo naenda kutawadha, iache tu." Mimi nikasikia "iache tu" kama mtu anavyosikia akiwa na unga mikononi. Adhana ya magharibi ikalia. Katika nyumba ya mama yangu, adhana ikilia kila kinachosema kinanyamaza. Mtoto anafungwa mdomo, kinu kinasimama, redio inazimwa. Nikazima redio. Na ile kompyuta ilikuwa inanguruma na CD yake, nguru nguru, juu ya jina la Mungu. Mkono wangu haukuniuliza. Ulienda kwenye swichi ya ukutani ukaizima.

Ulirudi na maji usoni. Ulitazama kioo cheusi, ukanitazama mimi. Ukawasha. Inapoamka huandika LILO, jina la programu inayoiamsha; siku hiyo zikatoka herufi mbili tu, L na I, halafu hakuna. Ukawasha tena: L na I. Kama mtoto mwenye kigugumizi anayetaka kusema jina lake na haliishi. Nikakuuliza, "Na Ayeeyo?" Ukaenda kutafuta disketi.

Ayeeyo alikuwa amefariki kabla ya Ramadhani. Zile nyimbo zote alizokuimbia ukichapa, za kujenga nyumba, za kumpakia ngamia, za kumpeleka bibi harusi, hakuna mwingine aliyekuwa nazo. Mimi mwanawe sikuzishika, kwa sababu tangu nilipovunja nyumba yangu sikutaka kuzisikia. Wewe ndiye uliyemkalisha kwenye mkeka ukamwambia, "Ayeeyo, rudia, polepole, mkono wangu haujafika." Na mimi kwa kidole kimoja nikamzima.

Ulipoiwasha kwa disketi ukazikuta nyimbo zote, ukanionyesha. Ukasema ulizitengea sehemu yake kwenye diski, mbali na ile inayobadilishwa, kwa hivyo programu zikivunjika nyimbo haziguswi. Nililia. Ukanishika bega ukasema, "Hooyo, tatizo umeisilimisha kabla haijamaliza kusoma." Mtoto wangu, wengine wangenitukana. Ilikuchukua siku nyingi kuisimamisha tena, na kila mteja aliyekuja ulimwambia printa ni mgonjwa. Hukusema ni mama.

Nilijua. Nilikusikia kupitia pazia.

Tangu hapo sikuigusa tena kompyuta bila wewe kuwepo. Nachapa barua za watu, ndiyo, lakini wewe uwashe, wewe ufungue, na jina liwe lako. Ulikuwa umeniwekea jina langu mwenyewe humo, "halima", ukaziweka nyimbo za Ayeeyo chini yake kwa sababu ulisema ni mama yangu, si mama yako. Nilijaribu mara moja tu. Nilipofika kwenye neno la siri, nikawa nabonyeza na hakuna kinachotokea kwenye kioo, nikadhani inanikataa. Nikaacha. Miezi baadaye nikakusikia ukimwambia mteja kwamba neno la siri halionekani likiandikwa, ndivyo lilivyo. Niliona haya kuuliza, basi nikaendelea kutumia lako.

Sasa nirudi leo. Nilipokaa kwenye kiti nilikuwa nimeshika CD ya toleo jipya, nikajiambia, Halima, unarudia yale yale, umeona radi unavunja nyumba. Nikaiweka chini. Nikainuka, nikapika chai, sikuinywa. Halafu nikakumbuka Bare.

Juzi juzi, kabla stima haijakatika, ulienda kwa Bare na CD hiihii ukampandishia toleo kompyuta yake, na ya Bare imetoka ofisi moja na yetu, ni kama mapacha. Uliporudi nilikuuliza imeamka? Ukasema, "Imeamka, Hooyo, hata printa inachapa." Nikasema vizuri, nikaendelea kukata vitunguu. Sikuona. Sahan alikuwa amerudi nyumbani, amesimama mlangoni kwangu na majani mkononi, na mimi nakata vitunguu.

Kuhama hakukuniharibia kitu, Sahra. Nilihama bila kungoja mtu arudi, nikafunga mzigo vibaya, nikachoma ua. Mambo hayo ni tofauti, na mimi nimeyafunga kamba moja miaka hii yote, nikakaa juu yake, na wewe nikakukalisha juu yake pamoja nami.

Kwa hivyo nikafanya kama ilivyotakiwa. Kwanza nikaingia kwa jina lako na neno la siri uliloniachia, nikanakili nyimbo za Ayeeyo kwenye disketi mbili, kama ulivyonifundisha, moja ikaingia sandukuni kwangu na nyingine iko ndani ya mkoba wako, imefungwa kwenye leso ya kijani, usiikalie. CD ya toleo la zamani sikuitupa, iko juu ya kabati, ua wangu haujachomwa. Kisha nikaweka disketi ya kuanzia na CD mpya, nikawasha. Ikauliza yale maswali. Nilipofika kwenye maneno mawili, lile la kuweka upya ambalo linafuta kila kitu, na lile la kupandisha, niliyatazama mara mbili. Kiingereza changu ni kidogo lakini neno la chini, Upgrade, nalijua kwa sura yake, lina herufi mbili zinazoning'inia kama ndoo kisimani. Nikashuka kwa mshale. Nikasema bismillahi, nikabonyeza.

Na jua lilikuwa bado juu wakati huo.

Sasa halipo juu. Mtoto wa jirani anafukuza mbuzi kuwaingiza ndani. Majina bado yanapita. Nilihesabu vibaya, Sahra, nilidhani itakwisha kabla ya magharibi.

Adhana inalia.

Nimezima redio. Mkono wangu umeinuka wenyewe, wallahi, nimeuona unakwenda ukutani kama si wangu. Nimeukamata kwa mkono mwingine nikaurudisha ndani ya shuka. Nimeiambia kompyuta, wewe endelea, una udhuru, uko safarini. Msafiri amepunguziwa swala.

Maneno haya nayaandika baada ya kuswali. Niliswali hapahapa kando yake, nikiisikia inanguruma nyuma ya kila sijda, na nimeomba dua ndefu ambayo nusu yake ilikuwa yako na nusu yake ilikuwa ya stima isikatike. Mungu anisamehe kwa kuzichanganya.

Nilipotoa salamu ilikuwa kimya. Nikageuka kwa woga. Ilikuwa imemaliza majina, inangoja niijibu. Nikajibu, nikatoa disketi, nikatoa CD, ikajizima na kujiwasha. Nikafumba macho. Nilipofumbua zilikuwepo herufi zote nne, L, I, L, O, jina zima bila kigugumizi. Kisha maandishi mengi yakashuka, kisha yakasimama, ikauliza jina la anayeingia.

Kila siku huwa linaingia lako. Kidole kilishafika kwenye S.

Nikaandika halima. Nikaandika neno la siri nisiloliona, herufi moja moja, kama mtu anayetembea gizani kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe, na ikanifungulia. Ayeeyo alikuwa pale. Nimefungua ule wimbo wa kumpakia ngamia, ule niliokuwa naukimbia nisiusikie, nimeusoma mpaka mwisho kwa sauti. Sauti yangu ni mbaya, lakini maneno yote yapo.

Kesho usiniambie tena habari ya muhula ujao. Nitalia kituoni, na hilo ni lazima, usinizuie wala usilihesabu. Likinishinda jambo nitakuandikia, na wewe utawasha ya shuleni, utaona ninachokiona, kwa sababu sasa zetu ni moja. Lisiponishinda nitakuandikia vilevile. Ukipita Tarbaj siku yoyote, kama gari limesimama, shuka kidogo ukanyage ile ardhi kwa niaba yangu. Waambie watu wa huko, Halima mwanamke wa mjini amehamisha nyumba leo na hakuna kilichoanguka.

Nasikia lango, na kicheko cha Kaltuma nyuma yako. Barua naificha mkobani pamoja na disketi, utaikuta usiku huu ukipanga nguo. Nitakaa kimya kama sijafanya kitu, na wewe utaingia, utaiona taa ya kompyuta, utasema, "Hooyo, nani amewasha?"

Mungu akufikishe salama, mwanangu. Mimi niliyewasha,

Halima, mama yako